Posa Iliyolaza Rufaa

Nimesimamia mitihani shuleni Kaaga miaka mingi, na kazi hiyo imenifunza kitu kimoja: anayetabasamu sana, mtazame mikono. Kwa hiyo jirani yetu wa kijijini Kianjokoma alipomleta mwanawe nyumbani kumposa mdogo wangu, wengine wote walimtazama kijana usoni. Mimi nilitazama mikono.

Nilikuwa na sababu. Jirani huyo alikuwa ametushinda kortini juu ya kipande cha shamba chenye majani chai ya mama, na rufaa ya baba ilikuwa inangoja Mahakama Kuu ya Embu. Sasa ghafla analeta asali na mbuzi? Baba akalainika. Kwetu, watu wanaotaka kuoana hawashtakiani. Akamwambia wakili, "Hiyo kesi wacha ikae kwanza."

Ikakaa. Ilikaa mpaka mahakama ikaitupa, kwa kuwa hakuna aliyeiendeleza. Mara tu baada ya hapo jirani akaleta nguzo na seng'enge, na habari za posa zikakoma kabisa. Kijana naye hakuonekana tena. Mimi nilisema niliyoyajua tangu mwanzo, kisha nikayarudia wakati wa kula.

Wakili alisema rufaa inaweza kurejeshwa, ila jaji aambiwe sababu ya maana ya kuchelewa. Baba akaapa kwa maandishi kwamba tulikuwa kwenye mazungumzo ya ndoa. Jirani akaapa kwamba hakukuwa na posa yoyote: alikuja kusalimia majirani, msichana akajijengea ndoto. Hapo nilishikwa na hasira. Shamba ni shamba, lakini sasa mdogo wangu alikuwa anasomwa kortini kama mwanamke aliyejichumbia mwenyewe.

Jioni moja kijana akasimama kwenye mlango wa jikoni. Nilijua ametumwa kutupeleleza, nikamnyima hata kiti.

"Nataka kuandikia korti ile ukweli," alisema.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu, dada. Mzee alisema nisikanyage hapa tena. Nimechoka."

Kesho yake nilimpeleka kwa wakili mimi mwenyewe, nikasoma kila mstari kabla hajatia sahihi, nikitafuta mtego. Aliapa kwamba asali aliibeba yeye, maneno ya posa aliyasema baba yake, na kwamba mpaka leo anataka kuoa. Sikuona mtego, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Jaji alirejesha rufaa. Itasikizwa. Nje ya korti jirani alimpita mwanawe kama anayepita nguzo.

"Wanatuchezea hawa," nilimnong'oneza mdogo wangu. "Tukishindwa, shamba ni la babake. Tukishinda, yeye ni mkwe wetu. Hapotezi kitu huyo."

Jioni hiyo kijana alikuja kwetu na gunia la nguo. Zilikuwa zimelowa, baba yake alikuwa amezitupa nje mvua ikinyesha. Mdogo wangu alimpa chai, akainywa amesimama. Nilimtazama mikono kama desturi yangu. Kikombe kilikuwa kinagonga sahani.

"Umeona sasa?" mdogo wangu aliniuliza. "Ama unataka aape tena?"

Niliinuka nikamwachia kijana kiti changu.