Kitanda cha Mama na Maji ya Kisima

Sijui kama nafanya vizuri kuandika haya, maana mama yangu yuko hai na sikumwomba ruhusa. Lakini nisipoyaandika nitayageuza kichwani mpaka yanipendelee mimi.

Tulipojenga karibu na Rangwe, mimi na mume wangu, tulichimba kisima. Maji yakaja mengi, safi kwa macho, ila magumu. Sabuni ilikataa kutoa povu. Birika likashika ukoko mweupe. Nyoyo, mahindi na maharagwe ninayopika kila wiki, ilichemka asubuhi nzima na bado ikagonga meno. Mama anaishi peke yake kando ya ziwa, kwenye maji laini tangu azaliwe. Huniita nyara, binti yangu, hata akinikatalia. Kila nilipomwomba aje akae kwetu, hata wiki moja tu, jibu lilikuwa hilohilo: "Maji yenu itanikwaruza ngozi, nyara."

Nikaamini. Niliishia darasa la nane, lakini hilo nililielewa: kama shida ni maji, basi nitengeneze maji.

Nikabeba chupa ya maji ya kisima hadi Homa Bay mjini, kwa Mwislamu mmoja anayeuza matangi na mabomba. Akakwangua sabuni ndani, akatikisa. Juu pakakaa utando kama wa uji uliopoa.

"Mama, hii ni maji ama simiti?" akaniuliza.

Alikuwa na mashine mbili. Moja ni sumaku ya kufunga kwenye bomba, bei nafuu. Nyingine ni mtungi mrefu wenye chembechembe za kulainisha maji, na pembeni pipa la chumvi ya kuzisafisha. "Ya sumaku wengine wanasifu, wengine wananirudishia," alisema. "Ya chumvi inafanya kazi, lakini chumvi utaongeza maisha yako yote." Lazima niseme, hakunidanganya. Mume wangu naye alitaka tukinge mvua kwenye mabati, na hakukosea, maji ya mvua ni laini bila mashine. Ila kiangazi je? Mimi nilitaka mama aje hata Januari.

Tukachukua ya chumvi.

Fundi alipoondoka nilinawa mikono, nikabaki nimesimama pale. Maji yaliteleza vidoleni kama ya ziwani nikiwa mdogo, mama akinisugua mgongo na kunigombeza nikimponyoka kama dagaa, "Tulia! Kwani wewe ni omena?"

Akaja Jumamosi. Nilikuwa nimemtandikia kitanda, na leso mpya juu ya mto. Akafua kitambaa chake cha kichwa, povu likapanda hadi viwiko, akacheka kama msichana. "Sasa hii ni maji!" Akala nyoyo, akaongeza. Jua lilipoanza kushuka, akavaa viatu.

"Mama, si ulisema ni maji?"

Akaangalia mlangoni kwanza, asije mume wangu akawa karibu. "Nyara, mimi ni mama mkwe wake. Nitalala aje chini ya paa yake? Na ningesema hivyo, angeona namkataa. Maji ukiisingizia haikasiriki."

Mila hiyo, mama mkwe halali kwa mkwewe, naijua tangu utoto. Nilidhani tu, kwa vile majirani wengine wameiacha, mama naye ameiacha. Mume wangu alipomwona anaondoka alitoka nje, akainamisha kichwa, akamwambia, "Mama, hapa ni kwako." Alimaanisha. Mama naye si mkaidi, ndivyo alivyolelewa. Nikitafuta mwenye kosa simpati, na labda hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Siku hizi huja Jumamosi moja moja, na nguo zake chache ndani ya karai, ingawa ziwa liko mlangoni pake. Hufua polepole, nami simharakishi. Huanika kwa kuchelewa, halafu husema ni mbichi, atazichukua akirudi.

Zikikauka nazikunja, naziweka juu ya kile kitanda.