Marehemu Uhuru na Mtunzi Wake

Katika mji wa Harrow Neck, pwani ya Rhode Island, hakuna mwenye heshima zake aliyezikwa bila beti za Dorkasi. Shairi hubanwa kwa pini juu ya jeneza, husomwa kaburini, ndipo wafiwa hulia kwa mpangilio. Dorkasi alikuwa mjakazi wa Shemasi Obadia Thwing, na hakupenda kukurupushwa. Akisikia mtu anakohoa, alianza kutunga, akaificha karatasi kwenye kisanduku cha viungo, pengo la tarehe likiwa wazi.

Mwaka ule Mfalme wa Uingereza alipowatoza kodi ya stempu kwa kila karatasi, mabwana wa mji walikutana sebuleni kwa Shemasi, wakapiga meza, wakasema wamefanywa watumwa. Aliyekuwa akiwamiminia ramu ni Dorkasi. Hakuna aliyeona haya. Labda ramu ilikuwa nzuri.

Wakaamua kumzika Uhuru hadharani, kwa jeneza tupu na ngoma, kana kwamba Mfalme amemuua.

"Dorkasi, utunge shairi," akasema Shemasi. "La kututoa machozi."

"Yakiwatoka, Bwana, utanipa nini?"

Wageni wakacheka. "Sema mwenyewe," akasema Shemasi, maana alikuwa na glasi mkononi na watu mbele yake.

"Karatasi ya kuniacha huru."

Kicheko kikakatika. Ni vigumu kumnyima mtu kitu ulichokuwa ukikililia dakika iliyopita. "Haya," akasema Shemasi, shingo upande. "Marehemu akishazikwa, nitatia saini."

Kwa siku nne Dorkasi alitunga huku akikanda mkate. Alimjua marehemu kuliko wote, ingawa hakuwahi kumwona akiwa hai.

Shairi liliposomwa kaburini, mji ulilia. Nahodha mmoja aliyekuwa akisafirisha watu kutoka Guinea alilia mpaka wigi likamteleza. Kwamino, mchimba kaburi, mtumwa wa mchungaji, akainua koleo la kwanza. Dorkasi akashika pumzi.

Hapo bwana mmoja akaweka sikio kwenye jeneza. "Anapumua! Uhuru yu hai!"

Ngoma zikageuka za shangwe, jeneza likainuliwa, umati ukaelekea kilabuni. Shairi likabaki chini likikanyagwa.

"Dada, shimo lote hili nimechimba bure," akasema Kwamino.

Dorkasi akaliokota shairi, akalikung'uta vumbi. Alikuwa na hasira mpaka meno yanamuuma.

Asubuhi akamkumbusha Shemasi ile karatasi.

"Nilisema akishazikwa. Kwani kazikwa?" Shemasi akakohoa, baridi ya makaburini ilikuwa imempata. "Uhuru yu hai, mwanamke wewe! Unataka nini tena?"

Dorkasi akaenda jikoni, akarudi na kisanduku chake, akaketi bila kukaribishwa, akaanza kuandika.

"Unaandika nini?"

"Lako, Bwana."

"Mimi sijafa!"

"Hata Uhuru hakuwa amekufa, Bwana, na mlimchimbia kaburi."

Shemasi akakohoa tena, akaitazama karatasi kwa pembe ya jicho. Alikuwa mtu wa kupenda sifa. "Linasemaje?"

Akamsomea: ukarimu wake, sala zake, sauti yake kanisani. Shemasi akafuta jicho. "Na ubeti wa mwisho?"

"Nimetunga miwili. Mmoja wa bwana aliyetimiza neno lake, mwingine wa bwana aliyelikana. Mji mzima utasikia mmoja."

"Upi mzuri zaidi?"

"Wa pili, Bwana. Umekuja wenyewe."

Shemasi akakohoa mara ya tatu. "Lete huo wino, nitie saini," akasema.

Kikohozi kikapona, akaishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alifariki kiangazi kile mabwana walipotangaza kwamba wameachana na Mfalme, na kengele zililia siku nzima, si kwa ajili yake. Watoto wake walimfuata Dorkasi kwenye kibanda chake cha kushonea kofia. Akatoa lile shairi, akajaza tarehe, akawapa na ubeti wa kwanza, kama walivyopatana.

Kaburi alilichimba Kwamino, ambaye bado alikuwa mali ya mchungaji. Watu walipoondoka, akaegemea koleo lake.

"Dada, ule ubeti wa pili bado unao?"

"Ninao," akasema Dorkasi. "Mchungaji wako ameanza kukohoa?"