Maji ya Bi Mdogo

Mkunga alikuwa na mke mwenza, tena wa kioo. Ndivyo alivyozoea kusema kila alipoulizwa habari za tangi la samaki lililokuwa limeziba ukuta mzima wa saluni ya mumewe. Mumewe, kinyozi, alilipenda tangi lile kwa mapenzi ya kukera. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, mawe yaliyoota viumbe kila upande, matumbawe ya zambarau na ya kijani, uduvi wachache, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Samaki hao waliishi ndani ya ua la baharini, ambalo kwa kweli si ua, ni mnyama, na humo ndimo walimomtolea macho kila aliyeketi kunyolewa. Kuna wateja waliorudi kunyoa hata nywele hazijaota, ilimradi wapate kutazama.

Mkunga aliliita bi mdogo. "Bi mdogo kashiba?" angeuliza akirudi kazini. "Maana mimi bi mkubwa sina wa kuniuliza." Kinyozi angecheka, angekwenda kumchemshia chai, lakini asingefika jikoni kabla ya kuchungulia tangi.

Halafu mkunga akapandishwa cheo. Alitakiwa kwenda kuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Ni kazi aliyoitamani tangu enzi za kubeba mabeseni. Alimweleza mumewe wakiwa wanakula, akakaza roho kusubiri jibu.

"Huko umeme haukatikikatiki?" kinyozi akauliza.

Basi, ndiyo ilikuwa kukubali kwake. Hongera hakutoa.

Tangu hapo mkunga akakosa raha. Alimjua mumewe, si mtu wa kugomba. Samaki wakifa njiani hatasema neno. Ataliosha tangi tupu, atalitupa uani, na kila atakapolipita, mkunga ataona cheo chake ndicho kilichowaua. Ndoa ya namna hiyo hakuitaka. Kwa hiyo yeye aliyekuwa akimsimanga bi mdogo kutwa kucha ndiye akawa wa kwanza kumhangaikia.

Shida kubwa ilikuwa maji. Ya bomba hayafai, yana dawa. Maji mapya hutakiwa yachanganywe mapema na chumvi yake maalumu, yazungushwe kwa pampu, yapate uvuguvugu, ndipo samaki watiwe. Bahati nzuri kinyozi alikuwa na dada yake kulekule waendako, fundi cherehani, ndiye aliyewatafutia nyumba ya jirani na kwake. Yeye na mkunga hawakuwa maadui wala marafiki. Salamu zao zilikuwa za harusini na misibani, na mkunga alihisi kwamba wifi yake anamwona ana maringo. Vyombo vikatangulizwa kwa lori, pamoja na mfuko wa chumvi na pampu. Muuzaji wa maji yaliyochujwa akaagizwa ajaze mapipa kwa wifi. Ikabaki simu tu ya maelekezo. Kinyozi alikuwa amezamisha mikono tangini mpaka kwapani, akitenga mawe, kwa hiyo mkunga akapiga yeye.

"Wifi, kesho tunaingia na bi mdogo. Nakuomba umchanganyie maji yake leo hii. Ile chumvi ya kwenye mfuko, yote, tia kwenye mapipa. Na yawe ya vuguvugu, maana huyu akipata baridi kidogo tu, anatufia."

Upande wa pili mlio wa cherehani ukakoma.

"Na wewe umeridhia?" wifi akauliza.

"Nifanyeje, wifi yangu? Mume ndiye anayempenda."

"Haya," wifi akasema, na simu ikakatwa. Mkunga akadhani mtandao ndio mbovu.

Walisafiri katika gari kubwa la kukodi, tangi tupu limelazwa nyuma. Samaki na uduvi walikuwa kwenye ndoo za vifuniko, kila ndoo na pampu yake ya betri ikinong'ona. Mawe na matumbawe yalilazwa kwenye maboksi ya kuzuia joto, yamezamishwa katika maji ya nyumbani, na maji mengine kiasi yalikuwa kwenye madumu. Kila gari liliporuka tuta, mkunga alifumba macho. Dereva aliuliza wamebeba nini, akajibiwa kuwa ni bahari, akaona heri anyamaze. Kinyozi naye alishikilia vifuniko vya ndoo mpaka walipofika.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, mikono kiunoni.

"Yuko wapi?"

"Nani, dada?"

"Huyo anayeoga maji ya chumvi!" Akamgeukia kaka yake, na hapo ndipo kilipowaka. "Huna hata haya usoni! Mwenzio kapandishwa cheo, wewe unamwingizia mke mdogo, tena gari moja! Tena yeye ndiye amwombee maji ya kuoga! Sikiliza nikwambie. Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, lakini kwa hili mimi niko na wifi yangu. Yale maji nimefulia mapazia. Chumvi nimeifungia kabatini. Akaoge mtoni!"

Dereva aliishiwa nguvu kwa kicheko, akaegemea gari. Mkunga hakucheka. Utani ulikuwa wake na maji yamekwenda. Akafungua kifuniko cha ndoo.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "bi mdogo ndiye huyu."

Wifi akainama. Samaki wawili wakamtazama. "Hiki?" akasema, kisha akashika kichwa. "Jamani, nimefanya nini mimi!"

Kinyozi alikwisha kuketi kizingitini. "Ya kwenye madumu hayafiki hata nusu tangi," alisema, na sauti yake haikuwa na lawama, jambo lililomtisha mkunga kuliko matusi.

Ndipo mkunga alipotoa sauti yake ya wodini. Wifi alete beseni kubwa kuliko yote. Dereva ashushe madumu. Wakamimina maji ya zamani katika beseni la kulowekea vitambaa, lililosuguliwa bila sabuni, wakapanga mawe, wakatia samaki, pampu na kipasha maji, halafu mkunga akalizungushia beseni mablanketi kama anavyowafunika watoto njiti. Wifi alitoka mbio kwa muuzaji maji, akarudi na mapipa kwenye mkokoteni, akaitoa chumvi kabatini, akakoroga mwenyewe, hakukubali kusaidiwa.

Asubuhi kinyozi alipima maji mapya, akatikisa kichwa kukubali. Wakajaza tangi, wakaanza kuwazoesha samaki maji hayo kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, kisha wakawaachia. Samaki wakatokomea nyuma ya mawe. Uduvi mmoja hakuonekana tena, na tumbawe moja lilikuwa limepauka. Ua la baharini lilinywea kabisa. Wote watatu walikaa sakafuni wakitazama, hakuna aliyekumbuka kula.

Alasiri ua likaanza kujaa, likafunguka. Samaki mmoja akatoa pua, akarudi ndani, akatoka tena. Wa pili akamfuata, wakajisugua kwenye ua lao. Wifi alipiga kigelegele cha kushtua mtaa. Mkunga alishusha pumzi, kisha akajikuta analia, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Wifi alipokwenda kuwasha jiko, mkunga akasema, "Niliogopa wakifa utanichukia."

"Mimi? Hata wangekufa wote ningekuja," kinyozi akajibu. "Samaki wananunuliwa. Mimi nilikuwa nawaza kwamba huku hakuna hata mmoja anayejua mkasi wangu. Wewe utakuwa mkuu wa wodi, mimi nitakuwa nani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Kutwa ulikuwa unauliza samaki."

Mkunga akajifuta uso kwa kiganja, akasogea mpaka bega lake likagusa la mumewe.

"Haya," akasema. "Na wewe hujambo?"

"Nimechoka," kinyozi akasema, akaegemeza kichwa chake pale.