Duka la Dawa Tuliloliombea

Gari lililonigonga lilikuwa linakata kulia kwenye taa nyekundu, kama sheria ya Virginia inavyoruhusu, na dereva wake alikuwa akitazama kushoto tu. Mimi nilikuwa natokea kulia, navuka Barabara ya Saba kutoka kituo cha basi, nimevaa sare ya hoteli nilikokuwa nikitandika vitanda. Sikurushwa mbali. Nilianguka palepale, goti likageukia upande ambao goti haligeukii. Dereva, mwanamke mzee wa Kizungu, alishuka akalia kuliko mimi. Sina kinyongo naye. Hasira yangu ni kwa watu waliokuja baadaye, na wote walikuwa wapole.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, elimu yangu darasa la saba, naishi na mama mdogo katika nyumba ya kupanga ghorofani, karibu na Falls Church. Mama mdogo alikuwa akitunza wazee majumbani mwao. Alikuwa amekaa Marekani kiasi cha kuweza kuendesha gari kwenye Beltway, ile barabara kuu ya mwendo kasi, huku anakunywa chai, lakini adabu zake zilikuwa bado zilezile za Iringa. Mimi nilikuwa mtu wa haya. Mbele ya wageni sauti ilinikwama kooni, hata kwa Kiswahili. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu.

Sikuwa na bima. Hospitali walinifunga goti, wakanipa magongo, wakasema kano moja imekatika na itahitaji upasuaji, ila si wa dharura. Daktari wa mifupa tuliyempata alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba atanipasua siku atakapoona hela. Nisipopasuliwa, alisema, goti litakuwa linachomoka kila nikipanda ngazi, na kazi ya kusimama kutwa niisahau. Mimi sikujua kazi nyingine yoyote. Basi goti langu likawa linasubiri fidia kutoka kwa bima ya yule mama aliyenigonga.

Wakili tulimpata kwa tangazo lililobandikwa mlangoni mwa duka la vyakula vya Kiafrika. Alikuwa mwanamume mwenye mikono laini, na alimwita mama mdogo "madam" kila baada ya maneno mawili. Alisema lipo duka la dawa litakaloniletea dawa zote hadi nyumbani, wala sitatoa hata senti moja mfukoni. Wao watasubiri. Fidia ikitoka, watachukua chao kwanza, halafu mimi nitapata changu. Nikasaini.

Ninapokumbuka siku ile, naona kwamba hakuficha kitu. Alisema yote. Ila sisi masikio yetu yalishika neno moja, kwamba watasubiri. Kwetu mtu anayekubali kusubiri hela yake kwa ajili ya mgonjwa amefanya undugu, na mtu aliyekufanyia undugu humwulizi bei. Ingekuwa kama kumwuliza mwenyeji wako wali huu umekugharimu kiasi gani, na bado unatafuna.

Dawa zililetwa na kijana mwenye gari jeupe. Mfuko mweupe wa karatasi, ndani vidonge vya maumivu, vidonge vya kulegeza misuli, vidonge vya kutuliza tumbo lililochafuliwa na vile vya kwanza, na dawa ya kuchua. Mama mdogo hakumwacha mlangoni hata siku moja. Alimkalisha, akampa maandazi na chai ya tangawizi. Yule kijana akazoea. Mwishowe akawa anaingia anavua viatu mwenyewe.

Baridi ilipoanza, maumivu yalikuwa yamepungua. Vidonge vilinifanya nilale kama gogo, nikiamka tumbo linawaka. Nikaacha kuvimeza. Dawa ya kuchua peke yake ndiyo niliyoendelea nayo. Lakini mifuko iliendelea kuja, ileile, imejaa vilevile.

"Mama mdogo," nikamwambia, "mwambie asilete tena vidonge. Sivitumii."

"Nimwambie mtu arudi na msaada wake? Tulifundishwa wapi hivyo?"

"Kabati limejaa."

"Acha lijae. Siku goti likiamka utanishukuru."

Kijana alipokuja tena, nilijikongoja hadi mlangoni kwa magongo yangu, nikasema kwa Kiswahili, mbele yake, "Mwambie sitaki tena."

Mama mdogo akamgeukia huku anatabasamu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba nashukuru sana, Mungu awabariki yeye na wakubwa zake. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini hicho nilikielewa. Kijana akasema karibuni. Akachukua andazi.

Hatukuishia hapo. Jumapili moja kwa mwezi tulikuwa na ibada ya Kiswahili huko Bowie, jimbo la jirani, nyumbani kwa familia moja ya Kitanzania yenye nyumba kubwa na kibaraza cha mbao nyuma. Wakati wa ushuhuda mama mdogo akasimama. Akasimulia ajali, akasimulia magongo, kisha akasimulia jinsi Mungu alivyoinua duka la dawa katika nchi ya watu wasiojuana, likamhudumia mtoto wa dada yake bila kudai kitu.

Mkenya mmoja aliyekaa karibu na dirisha akatikisa kichwa. "Dawa ya bure? Amerika hii? Mama, nipe hiyo address, hata mimi kesho nijigongeshe."

Watu wakacheka hadi mchungaji akacheka.

"Cheka tu, baba," mama mdogo akamjibu. "Wewe umezoea matatizo, baraka ukiiona unaikimbia."

Tukaliombea lile duka la dawa. Tuliliombea kwa sauti, wamesimama wote isipokuwa mimi, tukaombea wenye duka, watoto wao na kazi za mikono yao. Nikaitikia amina.

Halafu ikaanguka theluji kubwa. Gari jeupe halikuja, dawa ya kuchua ikaisha, na ile baridi ikaniingia gotini kama msumari. Daktari akapiga simu duka la dawa la kawaida pale Barabara ya Hamsini, tukateleza hadi huko. Ilikuwa dawa ileile, jina lilelile, tyubu ileile. Muuzaji akataja bei. Ilikuwa ndogo kuliko bei ya chakula cha mchana.

Mama mdogo akalipa, akanishika mkono, akaninong'oneza, "Twende haraka. Huyu kakosea, asije akagundua."

Tukatoka mbio, yeye anakimbia na mimi nachechemea nyuma yake, kama wezi. Hadi leo nikikumbuka nacheka, kisha napandwa na hasira, maana aliyekuwa anatuibia hatukumkimbia. Tulikuwa tunamlisha maandazi.

Fidia ikatoka majira ya kuchipua. Wakili akatuita, akatupa viti, akatueleza kwa upole nani anapata nini. Yeye mwenyewe sehemu yake. Hospitali sehemu yake. Halafu duka la dawa. Duka la dawa lilikuwa linachukua hela nyingi kuliko hospitali iliyonipiga picha na kunifunga goti na kunipa magongo. Nikamwomba mama mdogo amwulize, ile dawa ya kuchua peke yake wameihesabu kiasi gani? Wakili akatafuta kwa kidole, akataja. Tyubu ile tuliyoinunua kwa bei ya chini ya chakula cha mchana, kwao ilikuwa bei ya kodi ya chumba. Na vidonge vya kabatini, ambavyo sijavifungua, vilikuwa humo vyote.

Kilichobaki kwangu kisingemfanya daktari wa mifupa ashike hata kisu.

"Mwambie sisaini," nikasema.

Mama mdogo akakohoa, akaanza kwa Kiingereza chake kizuri. Alisema binti anashukuru kwa kazi kubwa, anauliza tu kama ingewezekana, kama si usumbufu, labda siku nyingine...

Wakili akatabasamu. Akasema ndiyo utaratibu. Wale watu walijitia hatarini, walisubiri bila kujua kama watalipwa.

"Unaona, mwanangu," mama mdogo akanigeukia. "Walitusubiri. Saini, tusionekane hatuna shukrani."

Hapo ndipo niliposema mwenyewe. Nilisema kwa Kiingereza cha darasa la saba, kila neno linatoka peke yake, na najua kilikuwa kibovu. Nilisema hapana. Nilisema nimenunua dawa hiyohiyo kwa hela kidogo. Nilisema hii hela ni goti langu, si mfuko wa mtu mwingine. Wakili akasema, bado kwa upole, kwamba nisiposaini hakuna atakayepata kitu, hata wao.

"Basi," nikasema, "na wao wasubiri."

Mama mdogo akafunika uso kwa mkoba.

Wakili akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza, na nadhani kweli ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akaingia chumba cha pili, tukamsikia anaongea na simu. Hakugombana na mtu. Alicheka mara moja. Chai isingechemka kabla hajarudi. Akasema wamekubali kupunguza nusu.

Nusu! Nilipiga hesabu kichwani polepole, kama ninavyofanya kila kitu. Ilitosha upasuaji. Mishahara ya miezi niliyokaa bila kazi isingerudi, lakini goti lingepona. Nikasaini. Sikufurahi. Deni linalopungua nusu kwa simu moja, mtu akicheka, halikuwa bei ya kitu chochote. Ilikuwa ni kipimo cha ukimya wetu. Nikamwomba mama mdogo amwulize kwa nini hakupiga simu hiyo mapema, na safari hii aliuliza kama nilivyosema, bila kulainisha. Wakili akainua mabega. Akajibu kwamba wateja hawaulizi.

Hilo ndilo jibu lake. Wateja hawaulizi. Watu waliovunjika, wasio na bima, wanaoongea kwa midomo ya jamaa zao, hawaulizi, basi wacha walipe.

Tulipotoka, kwenye chumba cha kungojea alikuwepo mzee mmoja, shingo imefungwa kola ngumu, hawezi kugeuka. Alitusikia tukibishana kwa Kiswahili mlangoni, macho yakamng'aa.

"Bamama, munatoka ku Tanzania? Mimi ni wa Uvira."

Tukamwamkia. Akasema basi lililigonga gari lake kwa nyuma, lakini anamshukuru Mungu, ameshughulikiwa vizuri. Pembeni yake kulikuwa na mfuko mweupe wa karatasi.

Mama mdogo aliuona, nami nikauona. Akanivuta mkono. "Twende, gari nimeliegesha vibaya." Katibu wa wakili alikuwa mezani pake, anatutazama, haelewi lugha.

"Samahani, baba," nikasema. "Hizo dawa, umeshauliza ni bei gani?"

"Bei?" Alicheka, kisha akashika shingo kwa maumivu. "Hakuna bei, binti. Bale batu ni bazuri sana. Banaleta mpaka ku mulango, mimi silipe kitu."

Mama mdogo akaachia mkono wangu. Kisha akavuta kiti, akanisogezea niketi karibu na yule mzee, naye akabaki amesimama kati yetu na meza ya katibu.

"Mweleze," akasema. "Mweleze vizuri, kuanzia mwanzo."