Sanda Ndani ya Buti

Nilitoka Tabora kwa treni, siku mbili nzima mpaka Dar es Salaam, kwa sababu kichwa cha treni kilituharibikia porini baada ya Dodoma. Dar nilikaa miaka minne. Maskati miwili, nikibeba mizigo sokoni na kuosha magari ya watu. Kutoka huko nikaunganisha ndege tatu, na ile ya mwisho ikatua Toronto asubuhi ya Februari, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimevaa makubazi. Mfukoni nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na namba ya simu ya mzee mmoja wa Kizaramo, niliyopewa na mtu tuliyefanya naye kazi Maskati.

Mzee alikuja kunipokea. Akaniuliza kabila, nikamwambia Mnyamwezi. Akacheka katikati ya watu mpaka akashika kiuno.

"Kumbe mtani! Basi beba. Si ndiyo kazi yenu tangu zamani?" Akanitwisha begi langu na mfuko wake wa viazi.

"Na ninyi kazi yenu ngoma na kulala," nikamjibu.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Tunatukanana bila kugombana, na mmoja akifa, mtani wake ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani. Nilikuwa sijapata baba wa kunifokea tangu utotoni. Nikahamia kwake siku hiyohiyo, ghorofa ya kumi na moja, Rexdale, dirisha linatazama barabara ya Kipling. Tukawa tunafanya kazi ghala moja karibu na uwanja wa ndege, tukienda kwa gari lake dogo la Kijapani, lililokuwa kuukuu hata kabla sijaja.

Mwaka wa saba alikwenda Makka. Alirudi na sanda yake, vipande vitatu vya kitambaa cheupe alivyovifua kwa maji ya Zamzam. Akaviweka kwenye kisanduku cha bati na kukipeleka kwenye buti la gari. Ndani ya nyumba hakutaka.

"Nikilala nayo chumba kimoja itaniita," alisema. "Humo garini tutasafiri pamoja, lakini kila mtu na chumba chake. Na wewe mtani, wewe ndiye utakayenivika hii. Siyo nyingine. Umenisikia? Mzigo wako wa mwisho huo."

"Mzaramo hafi kama wali upo."

Kila nilipokata kona, kile kisanduku kiliteleza na kugonga ubavu wa buti. Mzee akiwa amekaa pembeni yangu alikuwa akisema, "Unaisikia? Inabisha hodi." Tulikuwa tukicheka. Lakini mimi niliacha kufungua buti. Mboga, mchele, vifaa vya kazi, vyote nilivipanga kiti cha nyuma. Mzee akadhani ni uvivu.

Miaka miwili baadaye macho yake yaliharibika, kisha moyo. Vuli ile, akishuka garini polepole, alijaribu kufungua buti na ufunguo haukuzunguka.

"Mtani, buti limeanza kugoma. Lishughulikie kabla sijafa."

"Basi nina muda," nikasema. "Kufa kwenyewe utachelewa, kama unavyochelewa kazini."

Alinitazama kidogo, hakucheka. Niliona kwamba hakucheka. Nikawasha gari, nikaenda kuliegesha.

Alifariki Januari, hospitalini, asubuhi na mapema. Maziko yakapangwa kesho yake baada ya adhuhuri. Nilishuka uwanja wa magari na birika la maji ya moto, maana kwetu kitu kilichoganda huyeyushwa. Nikamimina kwenye tundu la kitasa. Maji yakatoa moshi, yakashuka, na kabla sijarudisha birika ndani yakawa barafu, tundu lote limejaa. Nikachoma ufunguo kwa kiberiti cha gesi, nikausukuma. Ukazunguka nusu, ukakatika. Kipande kikabaki humo.

Ndipo akatokea jirani wa ghorofa ya tatu, Mkongo aliyekuwa akitengeneza magari ya watu wa jengo letu.

"Kaka mukubwa, maji ya moto mu hii baridi? Nani alikufundisha?" Akapiga buti kwa kiganja. "Uko na nini humu? Maiti?"

"Sanda ya mzee."

Akavua kofia yake, akaivaa tena. Hakutania tena. Alileta bisibisi, spana na tochi, tukang'oa kiti cha nyuma, kile cha kukalia kwanza, halafu mgongo wake. Nyuma yake kulikuwa na bati lenye uwazi wa kupitisha mabega ya mtu mwembamba. Yeye alikuwa mnene.

"Ingia wewe."

Niliingia kifudifudi, miguu ikabaki nje. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya chuma kibichi. Nilipapasa, mkono ukatua ndani ya maji yaliyoanza kuganda. Mpira wa kuzunguka mfuniko ulikuwa umeoza, na mvua na theluji yenye chumvi vilikuwa vikiingia humo, sijui tangu lini. Kisanduku kilikuwa kimekaa katikati ya dimbwi, kikinisubiri. Nilipoingiza bisibisi kwenye kitasa kwa ndani na kukikandamiza, mfuniko ulifunguka taratibu na mwanga wa mchana ukaniangukia mgongoni. Sikutaka kukitazama kisanduku.

Bati la kisanduku lilikuwa limetoboka. Sanda ilikuwa imelowa, na kutu ilikuwa imepita kwenye vipande vyote vitatu, doa la rangi ya chai lenye ukubwa wa sahani.

Niliifua mara tatu kwenye mashine za chini ya jengo. Mama mmoja aliyekuwa akikunja nguo za watoto aliniuliza kama ni mashuka. Nikasema ndiyo. Nilikaa mbele ya mashine ya kukaushia nikiitazama ikipinduka nyuma ya kioo, na doa likija na kuondoka, likija na kuondoka.

Msikitini, mzee wa Mombasa aliyesimamia kuosha maiti aliipokea, akaikunjua, akalipapasa doa.

"Zetu mpya zipo, safi. Mbona wajihangaisha?"

"Aliniusia hii."

"Na hili doa?"

"La kwangu."

Akaniangalia. "Haya. Tutalikunja kwa ndani."

Kwa ndani, maana yake kifuani pake. Nilisaidia kuikunja.

Makaburini, watu wa nyumbani waliojua utani wetu walinigeukia. "Mtani, sema basi. Mwage." Maneno nilikuwa nayo mengi. Nikabeba jeneza upande wa miguu.

Niliendelea kuendesha lile gari, buti nimelifunga kwa kamba. Wiki ya pili, nikikata kona ya kuingia Kipling, nikasikia kitu kikigonga nyuma. Nikasimama, nikafungua kamba. Hakuna kitu. Kikagonga tena siku nyingine, na nyingine. Mkongo alilikagua lote, akasema gari halina tatizo. Sikumwuliza tena. Nilianza kujiuliza sanda yangu ataibeba nani, katika jiji ambalo mtani wangu pekee nilikuwa nimemzika na doa kifuani. Mwisho wa Machi nililipeleka gari kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nikakata tiketi ya Dar, ya kwenda tu.

Siku niliyoondoka, dereva wa teksi alishuka, akabonyeza kitu, na buti likainuka lenyewe bila sauti, safi, limetandikwa zulia. Akanyoosha mkono kupokea begi. Ndani ya begi, juu ya nguo zote, nilikuwa nimeweka vipande vitatu vyeupe nilivyonunua kwa mzee wa Mombasa.

Nikamwambia hapana, nalipakata. Nikalishika mapajani mpaka uwanja wa ndege.