Uyoga Mweupe na Tone la Iodini

Siku yangu ya kwanza kazini Chef, mkuu wa maabara yetu, hakunipa kiti. Alinisimamisha mbele ya meza iliyokuwa na kipande cha mkate wenye ukungu, chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, unaochacha, uyoga mgumu uliobanduliwa kwenye gogo, na ndelema, ule uyoga mweupe ambao akina mama wa Lubumbashi huuza kando ya barabara mvua zikianza.

"Mademoiselle Odile," akasema, "hii bintu yote iko ya jamaa moja. Niambie ni jamaa gani."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya elimu ya mimea, nikajibu kwa uhakika kwamba ni mimea isiyo na maua. Chef alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti.

"Mumea inajipikiaka chakula na jua," akasema. "Hii haijipikie. Inakulaka ya bengine, sawa sisi. Kaa sasa, tuanze kazi."

Ndivyo nilivyoingia katika himaya ya fangasi, ambayo si ya mimea wala ya wanyama. Ninyi vijana mnasoma hayo mapema. Sisi tuliyajifunza kwa hadubini. Fangasi hawana ule ukijani wa majani, na kuta za chembe hai zao zimejengwa kwa kitu kilekile kinachofanya gamba la mende kuwa gumu. Chef alinifundisha kuwagawa kwa namna wanavyobeba spora, yaani zile punje ndogo kuliko vumbi wanazozalia. Wengine hufunga spora ndani ya vifuko. Humo imo hamira ya mikate. Wengine huzibeba juu ya vijirungu, na uyoga mwingi tunaokula ni wa kundi hilo. Kutoka hapo unashuka ngazi: ngeli, oda, familia, jenasi, mpaka spishi yenyewe.

Kazi ilikuwa ya mikono na ya subira. Asubuhi tulikwenda msituni, kwenye miombo, tukachimba uyoga pamoja na kitako chake, kwa sababu anayekata shina juu ameacha nusu ya habari ardhini. Maabarani tulikata kofia, tukailaza juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, tukaifunika kwa bilauri. Kesho yake spora zilikuwa zimeanguka na kuchora picha, nasi tukajua rangi yake. Uyoga mwingine tuliukausha na kuuhifadhi. Watu walituuliza kazi hii inalisha nani. Sikuwa na jibu zuri mpaka ule msimu wa mvua daktari alipopiga simu.

Mama mmoja wa mtaa wa Katuba alikuwa ametoka mazikoni upande wa Lukafu. Njiani aliona uyoga mweupe chini ya miti, akaokota, akampikia binti yake Josée na kula naye. Wote wawili walilazwa. Daktari alitutumia uliobaki bila kupikwa, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama iko naendelea muzuri," akaniambia kwenye simu. "Mutoto naye jana alitapika sana, lakini leo anakula, anacheka. Tuko tunataka kumurudisha kwao."

"Docta, nyuma ya kula, kutapika kulikawia?"

"Kulikawia. Balikula mangaribi, kukaanza karibu na kucha."

Uyoga unaotapisha upesi kwa kawaida humaliza hasira zake upesi. Unaokawia ndio wa kuogopwa. Nikautoa ule uyoga mfukoni. Kitako chake kilikaa ndani ya kifuko, kama cha ndelema. Vile vipande vyembamba chini ya kofia, kama kurasa za kitabu, vilikuwa vyeupe, kama vya ndelema. Lakini ndelema ina mistari midogo kuzunguka ukingo wa kofia, na huu ukingo wake ulikuwa laini kabisa. Wote ni wa jenasi moja, Amanita, ndugu wa nyumba moja. Mmoja analisha, mwingine anaua.

Chef aliweka spora chini ya hadubini, akadondosha tone la maji ya iodini. Spora za ndelema hubaki bila rangi. Hizi ziligeuka bluu ya kijivu mbele ya macho yetu. Akanisogezea hadubini nione, kisha akanisogezea simu.

"Wewe njo uliona kwanza. Sema naye."

"Docta," nikasema, "musimurudishe mutoto kwao. Hii sumu inapumuzikaka, muntu anazani amepona, kumbe iko inakamata maini. Na mama yake pia mumuchunge."

Daktari hakubishana. Aliwarudisha wote wawili kwenye serumu ya mshipani, akapima maini, akaanza tiba kabla ugonjwa haujarudi. Ulirudi kweli: macho ya Josée yaligeuka manjano, na kwa siku kadhaa tulikwenda hospitali kila jioni, Chef na mimi, tukikaa kwenye benchi pamoja na baba yake. Kisha manjano yakaanza kupungua. Siku Josée alipotoka kwa miguu yake, ameshikana mkono na mama yake, Chef alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Furaha hiyo haikukaa. Bourgmestre, meya wa komini yetu, alipopata habari alipiga marufuku kuuza uyoga wa aina yoyote sokoni. Mama Feza, aliyekuwa msemaji wa wauzaji, akaja maabara na wenzake.

"Batoto yetu banasomaka na franga ya kuuzisha hii bowa," akasema, akinionyesha uyoga. "Ile ya mazikoni hatukuiuzisha sisi. Mutusaidie."

Tukaenda kwa Bourgmestre pamoja. Alitusikiliza vizuri, kisha akasema, "Niko na bantu ya kulinda. Mutanihakikishia namna gani?"

Chef akamwomba aje sokoni. Tukapanga meza moja: maabara inatoa mtu wa kukagua, wauzaji wanatoa mama wawili wazoefu, na hakuna uyoga unaoingia bila kitako chake. Mbele ya umati Mama Feza akafungua kikapu chake, nami nikakagua mmoja mmoja. Wote ulikuwa safi. Akaupika palepale na karanga, akatupakulia na bukari, ugali wetu. Chef akala, nikala. Bourgmestre alitazama sahani kwa muda, akanawa mikono, akamega bukari.

"Sokoni mutarudi kesho," akasema, bado anatafuna.

Vigelegele vya siku ile sijapata kuvisikia tena, hata kwenye harusi yangu.

Baadaye nilipelekwa Lukafu, nikawafundisha wakulima kuotesha uyoga kwenye mabua ya mahindi. Nikapelekwa Kilwa ya kwetu, si ile ya pwani, kwa watu wa ziwa, tukapambana na ukungu ulioharibu samaki wakavu na ule unaotia sumu kwenye karanga zilizoanikwa vibaya. Nilirudi mjini nikiwa mkuu wa maabara. Meza ya sokoni nayo ikaigwa na masoko mengine.

Sasa nimestaafu. Kinachonitia wasiwasi ni makala, yaani mkaa. Uyoga wa miombo umefungamana na mizizi ya miti, unaupa mti maji na chumvichumvi, mti unaupa sukari. Ukichoma mti mmoja umefunga jiko la wengi. Lakini wasiwasi wangu hauzidi furaha yangu, kwa kuwa wanafunzi wamekuwa wengi, na wengi wao ni wasichana.

Msimu huu walinichukua msituni. Mmoja alichimba uyoga mdogo wa rangi ya zambarau, pamoja na kitako chake, akaniwekea kiganjani.

"Mama, hii inaitwaka nani?"

Niliugeuza, nikaunusa, nikatazama chini ya kofia. Maisha yangu yote nimewatazama fangasi, na huu sikuwa nimeuona kamwe.

"Haina bado na jina," nikamwambia. "Wewe njo utalitafuta."