Mguu wa Kondoo wa Fundi Pindo

Fundi Pindo alikuwa mtu wa kazi za kimya. Ukipita mbele ya kibanda chake utamkuta ameinama juu ya cherehani, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni, na ukimsalimu atakuitikia kwa nyusi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hata ukimpelekea suruali kuukuu ya kufanyia kazi za matope, pindo lake atalifumua na kulirudia mpaka lilale sawa. Watu walisema mkono wake haukosei. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, ingawa hakuwahi kutamka, na ndiyo maana mambo ya Jumapili ile yalimuuma kuliko yalivyostahili.

Jiko lililetwa na gari la mizigo katikati ya wiki, ndani ya boksi refu kama jeneza la mtoto. Lilitoka kwa kaka yake mkubwa, msimamizi wa ujenzi ambaye ukoo mzima ulimwita Nyapara, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika tu kwa kuwa jina lilimkaa. Nyapara hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kutuma. Boksi halijapoa, simu ikafuata. Jumapili mchana anakuja kumwona mama, basi achomewe mguu wa kondoo kwenye jiko hilo, mzima, juu ya chuma kinachozunguka, kama alivyoula kwa rafiki yake. Akakata kabla fundi hajasema ndiyo wala la.

Ndugu hao walikuwa hawajaketi meza moja tangu msiba wa baba yao. Siku ile, waombolezaji wakiwa wamejaa uani na jua likiwachoma utosini, fundi alikuwa akifunga turubai la kivuli. Nyapara akaja, akampokonya kamba mbele ya wakwe na majirani, akasema, "Mwacheni huyo. Hajui kitu mpaka aelekezwe." Turubai akalifunga yeye. Baada ya hapo hakuna aliyeligusia tena neno hilo. Fundi alilimeza, ila halikushuka. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo alipolifungua boksi alikuwa na nia moja tu. Nyapara atakuja, atakula, atakosa la kusema.

Lilikuwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kuwekewa miguu. Chuma kirefu kililala juu yake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kikiwa na uma mbili za kubania nyama, na kwenye ncha moja kulikuwa na mota ndogo ya umeme ya kukizungusha. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa herufi ambazo hakupata kuziona maishani. Alichoambulia ni picha za bwana mmoja anayetabasamu, na mishale mingi. Alilifunga jiko kwa kufuata tabasamu. Mwisho kikabaki kipande kimoja cha bati kisicho na mahali pa kukaa, akakisukumia chini ya kabati.

Mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, alimshauri usiku wa kuamkia Jumapili, kabla ya zamu yake ya asubuhi: auchemshe kwanza ule mguu sufuriani, kisha aupitishe tu motoni upate rangi. Fundi akamjibu kuwa mguu wa kondoo si uji wa mgonjwa. Mke akacheka, akalala zake.

Asubuhi ya Jumapili alianza na moto, na moto ukaanza naye. Gunia la mkaa lilikuwa limeegemea ukuta tangu mvua za juzi, na mkaa wa chini ulikuwa umenywa maji. Aliuwasha ukazimika. Akaupepea, ukatoa moshi wa kuliza jirani. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akaunyunyizia mafuta ya taa. Mama yao, ambaye aliishi na fundi, alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa jikoni na kikombe chake cha chai. Alikuwa kikongwe mwenye meno ya kutosha kutafuna nyama, na subira haba ya kuingojea.

"Basi leo tutakula taa," alisema.

Fundi aliumwaga mkaa wote, akaanza upya na mkaa mkavu wa juu ya gunia, akiuwashia kwa vipande vya mbao na boksi lenyewe la jiko, ambalo angalau liliwaka vizuri.

Kisha ukaja mguu. Mfupa wa kondoo haunyooki kama rula, na chuma cha jiko hakipindi. Aliuchoma huku kikatokea kule, akauchomoa, akauchoma tena, mpaka nyama ikawa na matundu kama mto wa pini. Alipoona inalegalega kwenye uma, akaingia kibandani akachukua uzi wake mzito kuliko wote, ule wa kushonea mabegi, akaifunga kwa mafundo ambayo, kwa macho, yalikuwa ya kupendeza sana. Akapitisha waya wa umeme dirishani, akawasha mota.

Mguu ukapanda polepole, upande mnene ukiwa juu, mota ikiguna. Ulipofika kileleni ukasita, kana kwamba umesahau kitu, kisha ukaanguka upande wa pili kwa kishindo na kutimua cheche. Mota ikaguna tena, mguu ukapanda, ukasita, ukaanguka. Fundi aliutazama kwa uchungu wa mtu anayejua kabisa kasoro ilipo na hawezi kuitoa. Nguo ikivuta upande mmoja unaipunguza. Mguu ukiupunguza si mguu tena. Aliutoa ukiwa wa moto, akiunguza vidole na kuvinyonya, akauhamisha, akaurudisha. Safari hii ulizunguka vizuri. Ukazunguka hivyo kwa muda mfupi, mama akasema kwamba sasa unapendeza, na umeme ukakatika mtaa mzima.

Alisimama akaitazama ile mota iliyonyamaza. Kisha akaenda kutafuta koleo la kukazia boliti, akakibana chuma kwenye ncha yake, akaanza kukizungusha kwa mkono. Kulikuwa na ujinga fulani katika kazi hiyo uliomkera kuliko uchovu: kusimama, kuzungusha, kubadili mkono, kuzungusha. Mafuta ya nyama yakaanza kudondoka, na kila tone likapandisha ndimi za moto zikiramba mguu. Akamwagia maji. Majivu yakaruka yakaivaa nyama yote kama unga. Akayapangusa, na hapo ndipo aliposikia harufu ambayo haikuwa ya nyama. Ule uzi wake imara ulikuwa wa nailoni. Mafundo yaliyeyuka moja baada ya jingine, uma zikaachia, na mguu wa kondoo ukatumbukia mkaani.

"Umeanguka," mama alimjulisha.

Aliuosha bombani. Majivu yakageuka tope, tope likajificha kwenye matundu, naye akayachokoa na sindano kubwa ya magunia, akihema kama aliyekimbizwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameurudisha, safari hii kwa waya wa chuma, mkewe alipoingia uani kutoka kazini. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu ameshika mkononi. Aliangalia masizi usoni mwa mumewe, dimbwi la tope chini ya bomba, ndimi za moto, na hakucheka. Aliuliza kwa upole kama anaweza kumsaidia.

"Nenda kalale," fundi alisema. "Huku hakuna mgonjwa."

Alijua palepale kuwa amekosea, lakini neno si kitambaa, likishakatwa halifumuliwi. Mkewe alimtazama kidogo, akapita. Mlango wa chumbani ulifungwa taratibu. Angeubamiza, fundi angepumua.

Nyapara akamkuta katika hali hiyo. Alikuja na mfuko wa matunda, amevaa shati jeupe lililonyooshwa. Fundi akamwamkia shikamoo bila kuacha kuzungusha, kaka akaitika marahaba, akamwinamia mama, akamkabidhi matunda. Kisha akaja kusimama nyuma ya mdogo wake, mikono kiunoni, kama anavyosimama kwenye majengo. Akalizunguka jiko mara moja. Akasema nyama imechomekwa vibaya, upande mnene umeachwa ukining'inia. Akasema mkaa usingerundikwa katikati, ungesogezwa pembeni. Akauliza ni nani aliyefunga kwa waya. Halafu akanyoosha mkono kuelekea koleo.

"Hebu lete."

Fundi aliutazama mkono ule. Ulikuwa uleule, mnene, wenye kovu la msumari, na ulinyooshwa vilevile kama siku ya turubai.

"Sikupi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema sikupi. Umeniletea jiko nisiloliomba, umenipangia siku, umenichagulia na nyama. Nimeungua tangu asubuhi, nimemfokea mke wangu, na wewe umefika sasa hivi unaniambia lete." Sauti yake, isiyozoea kupanda, ilikwaruza. "Siku tunamzika baba ulininyang'anya kamba mbele za watu ukasema sijui kitu. Nilikuwa namfungia baba yangu turubai, kaka. Hapo ulikuwa unanielekeza nini?"

Chuma kilikuwa kimesimama. Nyapara akashusha mkono. Alitazama moto, akatazama viatu vyake. Alipoanza kusema alisema chini chini, kama anayeongea na jiko. Siku ile alikuwa hajalala. Kaburi lilichimbwa na wengine, chakula kilipikwa na wengine, na kila alipokwenda aliambiwa, pumzika, wewe ni mfiwa. Mtu ambaye maisha yake yote huwagawia wengine kazi, siku hiyo alikosa ya kwake. Akaiona ile kamba.

"Ilikuwa kazi pekee niliyoiona," alisema.

"Ungeniomba."

"Ningekuomba, ni kweli."

Neno samahani halikutoka. Halikuwamo katika zana zake. Fundi alilingojea, na lilipokosa kuja alihisi hasira yake imebaki bila mahali pa kutua, imesimama tu, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango uliokuwa wazi.

"Upande wa chini unaungua," mama alisema.

Wote wawili wakaruka. Fundi akashika koleo, Nyapara akashika ncha ya pili kwa leso yake nyeupe, wakaugeuza mguu. Upande mmoja ulikuwa mweusi ti. Fundi akamuuliza kaka yake, kwa ukali uliokuwa umebaki, huko kwa huyo rafiki walifanyaje. Nyapara akakohoa. Akakiri kuwa hakuona walivyofanya. Yeye alifika nyama ikiwa mezani.

"Kumbe hata wewe hujui?"

"Mimi nilikula tu."

Fundi alitaka kucheka, ila hasira haizimwi kama taa. Ilimchukua muda, na hata hivyo kilichotoka ni pumzi tu ya puani. Alichukua kisu, akapasua ganda jeusi. Chini yake palikuwa na unene wa kidole wa nyama iliyoiva vizuri, ya kahawia, yenye mafuta. Chini zaidi ilikuwa mbichi vilevile kama ilivyotoka buchani. Akafikiri kidogo. Kisha akaanza kuikata ile iliyoiva, vipande vyembamba, akiufuata mguu kwa mzunguko kama anayemenya chungwa, na kilichobaki wakakirudisha motoni. Mkaa waliusogeza pembeni kama Nyapara alivyosema, na kweli ndimi zikatulia, jambo ambalo fundi hakulipongeza kwa sauti.

Sahani ya kwanza ilikwenda kwa mama. Alitafuna kwa muda mrefu, wanawe wakimwangalia.

"Maneno yenu mmeyatia chumvi tele," alisema. "Nyama mmeisahau."

Fundi akafumba macho. Chumvi ilikuwa jikoni, kwenye bakuli, imefunikwa na kisahani, pale alipoiweka mwenyewe tangu alfajiri.

Wakala hivyohivyo, wamesimama, wakichovya vipande kwenye bakuli, wakizungusha kwa zamu. Hawakuzungumza mengi. Nyapara aliuliza habari za kibanda, fundi akasema kazi ipo. Fundi akauliza habari za goti, Nyapara akasema linauma kukiwa na baridi. Shati jeupe lilikuwa limekwishapata masizi kifuani, na fundi, kwa mazoea, alijikuta akiwaza namna ya kuyatoa.

Tabaka la pili la nyama lilipoiva, fundi alikata vipande laini kuliko vyote, akavitia chumvi, akaingia navyo chumbani. Mkewe alikuwa amelala ameelekea ukutani, lakini si usingizi. Fundi aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliyokusudia kusema yalikuwa marefu. Yaliyotoka ni kwamba ile njia ya sufuria ingefaa.

Mke akageuka, akanusa.

"Hiyo ni harufu ya mafuta ya taa?"

"Kidogo."

Alichukua kipande kimoja, akakitafuna akitazama dari, akachukua cha pili. Aliuliza kama shemeji yake bado yupo. Alipoambiwa yupo, na kwamba sasa hivi ndiye anayezungusha, akainuka, akajifunga kitenge, akatoka bila kusema kama amesamehe au hajasamehe. Sahani aliiacha.

Fundi alibaki ameketi. Mikono ilimwuma mpaka mabegani. Alisikia mkewe akimsalimu Nyapara, kisha mama akiongea kwa kirefu, kisha wote watatu wakicheka. Alijua fika wanamcheka nani. Kama ingekuwa asubuhi ile, angetoka kwenda kuwanyamazisha. Sasa alinyoosha mkono, akachukua kipande kilichobaki sahanini, kile cheusi pembeni, akakila polepole, akawaacha wacheke.